Upenu wa Kikanisa cha Hertenau

Jumapili, 1 Septemba 1974

Mvua imemla Mechthild jicho la kushoto.

Mechthild ni binti mdogo wa Bwana Rudolf aliyejenga kasri letu karne sita zilizopita; amechorwa kwenye ukuta wa kaskazini wa kikanisa cha kasri, amepiga magoti mkiani mwa kaka zake huku jina lake limeandikwa juu ya kichwa. Nilipofungua mlango baada ya misa, nusu ya uso wake ilikuwa sakafuni, imekuwa unga. Niliusomba kwa kadi ya mwaliko nikautia kwenye bahasha. Sijui ni wa nini sasa.

Miaka mitano nimewaambia wanakamati wa kasri: upande wa kusini paa lina gata la kukinga maji, upande wa kaskazini halina. Maji yote yanaporomoka chini ya upenu, yanarukia ukuta, yanapanda ndani ya mawe, yanamla mtoto uso. Nimesema kwa adabu, nimesema kwa barua, nimesema nikiwa nimesimama. Kasri letu ni dogo, mnara mmoja na nyumba ya mawe, na watu wa mjini Luzern wakishuka kwenye meli huuliza kama ni hilo tu. Lakini mchoro ule ungekuwa wao, wangeulaza kwenye pamba.

Mama alikuwa dirishani niliporudi. "Imenyesha vizuri," akasema, kama mtu mwenye shamba. Hatuna shamba.

"Imenyesha vibaya, Mama," nikamjibu. Akaninunia mpaka usiku.

Jumanne, 3 Septemba

Wamekubali! Dkt. Kottmann, mwenyekiti wetu, amepata mfadhili. Gata la shaba, la kudumu. Kasri litafunguliwa upya Jumapili ya kuamkia sikukuu ya Mtakatifu Martini, na mimi nimepewa kazi ya kuandika kijitabu cha historia yake. "Nani mwingine, Bi Amstad?" alisema. Kweli, nani mwingine. Funguo ninazo mimi, na watoto wote wa kijiji hiki nimewafundisha mimi kusoma.

Alhamisi, 12 Septemba

Melk Zumbühl amefunga gata. Ni fundi bati wetu tangu nikiwa na meno ya utoto, na hajawahi kufanya kazi taratibu kama leo. Kila msumari aliutazama kama anaaga mtu.

"Melk, unaumwa?"

"Siumwi, Mwalimu."

"Basi mbona unapiga nyundo kama uko matangani?"

Akashuka ngazi, akafuta mikono. "Gata la upande huu halikai, Mwalimu. Wakati wa Wafaransa liliwekwa la madini ya risasi, likaenda. Yule bwana wa hariri aliyelinunua kasri akaweka la bati, nalo likaenda."

"Likaenda wapi?"

"Likaenda."

Nilimwambia hili ni la shaba na halina miguu. Hakucheka.

Jumapili, 15 Septemba

Limeondolewa! Wakati wa misa kuu, mchana kweupe, sisi tuko kanisani tunaimba! Limelazwa kwenye majani karibu na ukuta, na misumari yake imewekwa kwenye kopo la kahawa, kopo limefunikwa. Wangelivunja ningesema ni vijana wahuni. Huyu ameing'oa misumari mmoja mmoja kwa koleo, akaitunza. Ule unadhifu ndio unaonichemsha damu. Ni kama mtu anayekutukana huku amekuvulia kofia.

Jumatatu, 16 Septemba

Nimeuliza nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyeona. Kijiji kizima kimepofuka.

Jumatano, 25 Septemba

Melk amelifunga tena. Nilisimama chini ya ngazi nikamhesabia misumari.

Jumapili, 29 Septemba

Limeshuka tena. Kopo la kahawa tena. Wakati wa misa tena.

Nimemwambia Mama kwamba nikimkamata huyo mtu nitamburuta kwa sikio mpaka kituo cha polisi. Mama alikuwa anamenya matofaa. Akasema, "Na kama masikio yake ni mazee?"

"Yatanyooka."

Akaendelea kumenya. Tulikula tambi na viazi na jibini, na rojo la matofaa pembeni, bila kusemezana. Ni mwanamke mwenye miaka sabini, nyonga inamuuma, anakaa nami nyumba moja, na wiki hizi anaishi kama jirani asiyenipenda. Sijui nimemkosea nini.

Jumapili, 6 Oktoba

Sikwenda misa. Kwa mara ya kwanza maishani nimekosa misa kwa makusudi. Nilikaa kwenye ngazi za kikanisa, nimevaa koti la marehemu baba na chupa ya chai mapajani, nikalilinda gata, ambalo Melk alilirudisha Ijumaa. Ukungu ulikuwa umelimeza ziwa lote, sikuona hata gati la meli. Hakuja mtu.

Padre Lustenberger, kijana wa watu, alipita baadaye kuuliza kama naumwa. Nikamwambia naumwa na kijiji.

Jumatatu, 7 Oktoba

Kijitabu kinakwenda vizuri, afadhali hicho. Nimeandika jinsi Bwana Rudolf alivyojenga mnara ili kutoza ushuru mashua zilizopita, jinsi mkewe alivyojenga kikanisa baada ya homa kuwapitia wanawe, jinsi kasri lilivyouzwa, likawa ghala la chumvi, likaungua, likanunuliwa na yule mfanyabiashara wa hariri. Kuhusu gata nimeandika hivi: "Kwa karne nyingi upande wa kaskazini uliachwa wazi kutokana na uzembe wa wamiliki na ukaidi wa wenyeji." Dkt. Kottmann ameipenda sana sentensi hiyo.

Jumatatu, 14 Oktoba

Safari hii hawakulitoa. Wamelitoboa. Matundu madogo kwa mstari, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, yamepangwa kama ya kichujio. Mvua ya leo imepita humo kama hakuna kitu, imemwagika palepale ilipokuwa ikimwagika miaka yote.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Paulina Durrer. Paulina anaongoza kwaya, na ukitaka kujua nani amepika nini hapa kijijini, yeye anajua kabla sufuria haijachemka. Nilimkuta anaanika mashuka barazani.

"Paulina, we unajua."

"Najua mengi. Unataka lipi?"

"Usinichezee. Nani anaharibu gata langu?"

"Langu!" Akabana kibanio kwenye shuka. "Sikieni jamani, kasri limepata bibi mpya. Zamani tulikuwa na Bwana Rudolf, sasa tuna Bibi Vreni."

"Mchoro unakufa, Paulina! Mtoto wa watu ananyauka ukutani, nanyi mnacheka!"

Hapo uso wake ukabadilika. Sijawahi kumwona vile. Nilidhani atanipiga.

"Mtoto wa watu," akasema. "Una bahati hujazaa, Vreni Amstad, la sivyo ningekutia kibao mbele ya mashuka haya. Nenda nyumbani. Kamuulize mama yako."

Nilikwenda nikamuuliza. Nimesimama jikoni na viatu vya matope, nafoka, nauliza Paulina ana maana gani. Mama akasema kichwa kinamuuma, akaenda kulala saa kumi na moja jioni.

Una bahati hujazaa! Watu wa hapa wana njia nyingi za kumkumbusha mwanamke kwamba hakuolewa, lakini hiyo ni mpya.

Jumamosi, 19 Oktoba

Dkt. Kottmann ameleta mafundi wake kutoka mjini. Gata jipya, vyuma vya kulishikilia vimechimbiwa ukutani kwa saruji. Melk hakuitwa. Alisimama ng'ambo ya barabara, mikono mfukoni, akatazama mpaka mwisho.

Jumanne, 22 Oktoba

Mvua. Gata limeshika. Maji yote yamekwenda kwenye bomba la pembeni na kuishia ziwani. Ukuta mkavu. Nimeshinda.

Jumatano, 23 Oktoba

Mvua. Mama ameshinda dirishani. Hasemi tena kwamba imenyesha vizuri.

Jumapili, 27 Oktoba

Mvua. Kanisani hakuna aliyekaa nami benchi moja.

Jumamosi, 2 Novemba, Siku ya Marehemu Wote

Niandike polepole, la sivyo nitaitoboa karatasi.

Saa nane mchana tulikuwa makaburini, kijiji kizima, mishumaa imewashwa. Tulisali kwenye kaburi la baba. Mvua ikaanza, nikafungua mwavuli, nikageuka kumfunika Mama, hayupo. Nikaona mgongo wake unashuka kuelekea ziwani, anachechemea na ile nyonga yake. Nikamfuata huku nimekasirika, maana daktari amemkataza kuteremka mteremko ule bila mtu.

Niliwakuta upande wa kaskazini wa kikanisa. Mama, Paulina, na vikongwe wengine wawili, wote na nguo nyeusi za sikukuu. Kila mmoja ana kopo la kumwagilia maua. Walikuwa wakienda pembeni, pale bomba la gata linapotemea, wanakinga maji yaliyotoka paani, wanarudi nayo chini ya upenu, wanayamwaga kwenye ule ukanda wa majani ulio chini ya ukuta. Mvua inanyesha kila mahali, na wao wanamwagilia majani. Mama alikuwa amebeba kopo lake kwa mikono miwili, nusu ya maji yanamwagikia viatu.

Nilidhani wamerukwa na akili. "Mnamwagilia majani mvua ikinyesha?"

Mama alimaliza kumwaga, akaweka kopo chini, akajishika kiuno.

"Hapa hainyeshi tena," akasema. "Paa limejitokeza sana. Bila matone ya upenu hapa ni pakavu. Umepakausha wewe."

"Na pakikauka?"

Paulina akamwambia Mama, "Mwambie, Senzi. Ameshakuwa mtu mzima. Ana mvi."

Mama akaniambia wamesimama palepale, na vikongwe wengine wakiwa wamenipa mgongo.

Kabla yangu alikuwapo mwana mwingine. Mwaka 1927, mtoto wa kiume, mzima wa viungo, nywele nyeusi. Alizaliwa hakulia. Padre Imfeld wa wakati ule alikuja, hakuvuka kizingiti, akamuuliza mkunga swali moja: alipumua? Kama angepumua hata mara moja mkunga angeweza kumbatiza, na akibatizwa angezikwa makaburini. Mkunga akasema hakupumua.

"Alikuwa mkweli mno, yule mama," Mama akasema. "Neno moja tu la uongo lingetosha. Nilimchukia mpaka alipokufa."

Basi kwa Padre, mtoto hana jina, hana misa, hana nafasi kwenye ardhi iliyobarikiwa. Atakwenda limbo, mahali ambapo si mbinguni wala si motoni, asimwone Mungu wala mama yake milele. Akamwambia baba amfukie atakapo. Baba akafanya kama walivyofanya kina baba wa hapa tangu enzi za Bwana Rudolf. Alimweka kwenye sanduku la mapeasi, akamleta kasri. Kiwanja hiki ni cha kasri, si cha parokia, kwa hiyo Padre hakuwa na la kusema. Akamchimbia chini ya upenu. Maji ya mvua yakipita juu ya paa la nyumba ya Mungu yanakuwa maji matakatifu, yakidondoka yanambatiza. Kila mvua, tena na tena, mpaka Mungu achoke kukataa.

Kwa hiyo gata haliwekwi. Likiwekwa, linaondoka.

"Mimi nina wawili hapa," Paulina akasema. "Melk anaye mmoja. Alimchimbia mwenyewe."

Niliuliza mbona sikuambiwa. Miaka arobaini na mitano katika kijiji hiki! Mama aliwahi kunichapa nikiwa na miaka sita kwa kurukaruka kamba pale chini ya upenu, na hakusema kwa nini.

"Huambiwa mwanamke akipata mimba ya kwanza," Mama akasema. "Ili ajue pa kwenda. Wewe hukupata."

Hivyo tu. Kwa kuwa sikuolewa, nilihesabiwa mtoto. Nimewafundisha watoto wao, nimewaandikia barua zao za serikali, nimewashikia funguo za kasri, na mlangoni pa jambo hili moja walinifungia nje. Kisha wakaniacha nijenge gata juu ya kaka yangu, wao waking'oa misumari na kuitia kwenye kopo la kahawa. Wangenipiga! Wangenizomea! Mama angeweza kunirushia sufuria ya matofaa akasema, kaka yako yuko pale.

Nimemwambia hayo yote njiani, kwa sauti, huku nimembebea kopo. Akasema, "Nilikuwa na aibu, Vreni."

Aibu ya nini? Aone aibu yeye? Imfeld amezikwa mbele ya altare, amewekewa jiwe la marumaru!

Jumapili, 3 Novemba

Sikwenda misa. Safari hii sikuwa nalinda kitu.

Jumanne, 5 Novemba

Nilikwenda kwenye kamati nikiwa nimejiandaa kusema vizuri. Nilisema vizuri. Dkt. Kottmann alisikiliza, kalamu imesimama wima. Siyo mtu mbaya, hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Aliniletea glasi ya maji mwenyewe.

"Bi Amstad," akasema, "nasikitika sana kwa ajili ya mama yako. Lakini tufikiri. Hatukuchimba, hatukumgusa mtu. Tumezuia maji tu. Mchoro ule una zaidi ya miaka mia sita. Ukipotea, umepotea kwa wote. Na wale… wale wadogo hawajui kama wamelowa au wamekauka."

"Mama yangu anajua."

"Mama yako, Mungu ampe miaka, atakuwapo mpaka lini? Mchoro tunautunzia wajukuu."

Nikamwuliza wajukuu wa nani. Akanikumbusha kwa upole kwamba barua zote za kudai gata zina sahihi yangu. Ni kweli. Akazitandaza mezani, zote, na akasoma mistari miwili mitatu. Naandika vizuri nikikasirika.

Walipiga kura. Gata linabaki. Wale wadogo watawekewa kibao kidogo cha shaba, kisichoharibu sura ya mahali.

Nilipita kikanisani kabla ya kurudi. Nilimtazama Mechthild na jicho lake moja. Wakati wote nimewaonyesha wanafunzi wangu jinsi watoto wa Bwana Rudolf walivyoandikwa majina, hata yule aliyeviringwa nguo, ambaye msalaba mdogo juu yake unamaanisha alikufa lakini alibatizwa. Nilikuwa nasema: tazameni walivyopendwa. Upande wa pili wa ukuta uleule, mkono mmoja kutoka hapo niliposimama, walilala wasioandikwa, na wala sikuwahi kugeuka kutazama.

Naupenda mchoro ule. Leo nilitamani kuukwangua kwa kucha.

Alhamisi, 7 Novemba

Padre Lustenberger alikuja nyumbani. Amesikia. Alikunywa kahawa yenye tone la pombe ya cheri, masikio yakawa mekundu, akasema kwamba siku hizi Kanisa halifundishi mambo hayo kwa ukali ule. Watoto wanaachwa kwenye huruma ya Mungu. Angependa kuja na maji ya baraka kuibariki ardhi ile, mara moja kwa wote, hata Jumapili kabla ya sherehe. Kisha gata halitamsumbua mtu.

Mama alikuwa amekaa wima kabisa.

"Ndoo ngapi, Baba?"

"Samahani?"

"Maji. Unakuja na ndoo ngapi?"

"Mama Amstad, ni ishara. Matone machache yanatosha."

"Siku ile matone machache yalikuwa wapi?" Sauti haikupanda hata kidogo. "Nilimwomba mwenzako kijiko. Nilikuwa kitandani, damu inatoka, nikasema Baba, kijiko kimoja. Akasema maji si ya kuchezea. Mvua haikuniuliza kama alipumua. Imemnyeshea tangu hapo. Sasa mmebadili mawazo ndiyo mnakuja na matone? Kunywa kahawa yako, mwanangu, wewe hukuwapo. Lakini usiniletee maji."

Padre alikunywa kahawa yake. Alipotoka alinishika mkono mlangoni na kuomba msamaha. Sijui alikuwa anamwombea nani.

Mimi nilikwenda shambani kwa Paulina nikapasua kuni mpaka mikono ikatoka malengelenge.

Jumamosi, 9 Novemba

Upepo wa joto kutoka milimani, anga nyeupe. Melk anasema kesho itanyesha.

Jumapili, 10 Novemba

Naandika miguu ikiwa kwenye beseni la maji moto, na funguo za kasri hazipo tena kwenye msumari wake.

Ilinyesha tangu alfajiri, ile mvua nzito iliyonyooka. Hata hivyo watu walijaa: meli mbili kutoka mjini, bendi ya tarumbeta chini ya turubai, mwakilishi wa askofu, wafadhili na wake zao, miavuli mpaka gatini. Vijitabu vyangu vilikuwa mezani, na sentensi yangu ya uzembe na ukaidi imechapwa ukurasa wa kumi na moja. Niliwaomba waiondoe. Walisema ilishapigwa chapa.

Dkt. Kottmann alisimama kwenye ngazi za kikanisa akahutubia. Alisema mambo mazuri kuhusu Bwana Rudolf. Alisema kuhusu mimi pia, kwamba bila hasira takatifu ya mwalimu mmoja wa shule tusingekuwa hapa. Watu wakapiga makofi kwa mikono yenye glavu. Kisha akanyoosha mkono kuelekea kaskazini. "Na leo, mabibi na mabwana, kwa mara ya kwanza tangu kujengwa kwake, ukuta huu umesimama mkavu chini ya mvua!"

Wote wakageuka kutazama ukuta mkavu. Nami nikatazama.

Wakongwe walikuwa wamesimama pale, wamejipanga kando ya ule ukanda wa majani, hawakubeba makopo kwa sababu Dkt. Kottmann alituma mtu kuyachukua yasiharibu picha. Mama alikuwa wa kwanza kutoka pembeni. Mvua ilimlowesha mgongo na kitambaa cha kichwa, na mbele yake, chini ya upenu, udongo ulikuwa mweupe kama majivu. Alikuwa anautazama udongo. Mikono ilikuwa imeachwa wazi mbele yake, haina cha kubeba.

Sikufikiri. Watu watasema nilipanga, lakini sikupanga. Nilishuka mpaka gatini, nikachukua ule mti mrefu wenye ndoano wa kuvutia mashua, nikapanda nao kupitia katikati ya wageni, na watu wakanipisha kwa heshima, nadhani walidhani ni sehemu ya sherehe. Upande wa kaskazini ardhi imepanda na paa liko chini. Nikainua ndoano nikaitia kwenye gata.

"Bi Amstad!" Dkt. Kottmann akaita.

Nilivuta. Halikutikisika. Ile saruji yao! Nilivuta tena mpaka mabega yakalia, machozi yananitoka kwa hasira, naona aibu kwamba sitaweza hata hili.

"Siyo hapo, Mwalimu!" Ilikuwa sauti ya Melk, kutoka katikati ya tarumbeta, maana hupiga tuba, lile tarumbeta kubwa. "Anzia pembeni, juu ya mama yako! Pale jana nimelegeza!"

Mtu akacheka, kisha akaacha. Nikahamia pembeni, nikatia ndoano, nikaning'inia kwa uzito wangu wote. Likatoka. Kipande cha kwanza kiliinama, kikavuta cha pili, na misumari ikaruka mmoja mmoja, na shaba yote ikashuka ukutani kwa kelele ambayo bendi yao isingeweza kuishinda. Bibi mmoja wa mjini akapiga yowe. Kisha maji yakaja. Yalishuka kutoka paani kwa mstari mmoja mrefu, kutoka pembe hadi pembe, yakaupiga ule udongo mweupe, ukawa mweusi mbele ya macho yetu.

Paulina akapiga ishara ya msalaba. Yule mwakilishi wa askofu akafunga mwavuli wake, sijui kwa nini, akabaki analowa.

Dkt. Kottmann alinikaribia, uso umempauka. "Unajua umefanya nini? Unaujua mchoro ule kuliko sisi wote. Umewaua wale wa ukutani."

"Najua," nikamwambia. "Nitawasomba nitie kwenye bahasha."

Aliniomba funguo. Nikampa, palepale. Nilikuwa bado na hasira. Ninayo hata sasa, kwa Imfeld, kwa mkunga mkweli, kwa kamati, kwa wanawake walionificha, na kwa yule mjinga aliyeandika barua zile nzuri. Nilidhani nikilivuta gata lile hasira ingeisha.

Nilikwenda nikasimama mbele ya Mama, chini ya upenu, maji ya paa yananipiga kichwani na kuingia shingoni. Nilitaka aniambie neno. Nadhani nilitaka anishukuru, au anisamehe, au angalau anikumbatie mbele za watu kama nilivyokuwa mtoto.

Mama alinitazama, kisha akatazama miguu yangu.

"Sogea, Vreni," akasema. "Unamkinga."

Nikasogea.